Uzito wa Onyo

Jumatatu, 3 Machi

Leo wameng'oa king'ora cha ng'ambo ya chini, kule bondeni. Wanaume wawili wenye kofia ngumu walikuja na ngazi, wakakifungua kutoka kwenye nguzo, wakakilaza ndani ya gari kama mgonjwa. Mdogo wangu, ambaye mlango wake unatazamana na nguzo hiyo, aliwauliza wanakipeleka wapi.

"Kimestaafu, mama," mmoja akamjibu. "Siku hizi taarifa zote ziko mtandaoni."

Amenipigia simu kunisimulia huku akicheka. Mimi sikucheka. Nami nimestaafu, na ninajua jinsi neno hilo linavyotumika wanapotaka kukuondoa ukiwa bado unafanya kazi vizuri.

Nitaeleza, maana huenda shajara hii ikasomwa siku moja na kitukuu ambaye bado hajazaliwa. Juu ya mji wetu kuna bwawa. Msimu wa mvua likijaa, Mamlaka ya Bwawa hufungua milango ili ukuta usielemewe. Maji hayo hushuka na kufika ng'ambo ya chini kabla sufuria ya maharage haijaiva. Miaka yote king'ora kililia kwanza, watu wakapandisha vitu vyao, ndipo milango ikafunguliwa. Sasa mahali pa sauti pamewekwa ukurasa wa mtandao.

Mawingu yamekaa juu ya bwawa tangu asubuhi.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimemaliza mgongo wa sweta.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshuka kwa mdogo wangu kuutazama huo ukurasa kwa macho yangu, kwenye simu yake na kwa mtandao wa huko bondeni, maana huku kwetu juu kila kitu hufunguka na mtu anaweza kudhani dunia nzima iko hivyo.

Yeye anatotolesha vifaranga. Chumba chake cha nyuma kina mashine mbili, moja juu ya jukwaa na nyingine chini sakafuni, na joto lake ni la kuvua koti. Mayai yako kwenye trei, na kwa wiki tatu anayageuza, anayamulika kwa tochi, anayasemesha. Ghalani, juu ya ngazi, kuna mahali pakavu pa kuyahamishia. Lakini mayai yanayokaribia kuanguliwa hayataki kutikiswa wala kupigwa baridi. Yanabebwa trei moja moja, yamefunikwa blanketi, na mtu mwenye nyonga mbovu anayepanda ngazi taratibu. Kwa hiyo mdogo wangu hahitaji sana ukarimu wa Mamlaka. Anachohitaji ni muda.

"Haya, fungua wewe mwenye shahada," akanipa simu.

Nikafungua. Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Kitazame," akasema, "kama mbwa anayetafuta pa kulala. Atazunguka weee, na halali."

"Subiri kidogo."

"Dada, nimesubiri mume miaka minane, ninajua kusubiri. Hiki kinanimalizia bando tu."

Kiduara kilizunguka mpaka simu ikasema imeshindwa. Tukarudia, ikashindwa tena. Mara ya tatu ukurasa ukafunguka nusu, herufi zikiwa zimepandana, na taarifa ya milango, ambayo ndiyo mtu anaitafuta, ipo mwisho kabisa, chini ya jedwali la kina cha maji cha kila siku tangu bwawa lijengwe. Tangu lijengwe! Mtu anataka kujua kama maji yanamjia, na wao wanamfungulia makumbusho.

Jumatano, 12 Machi

Mkwe wangu anafanya kazi Mamlaka, kwenye chumba cha seva. Seva ni kompyuta inayowapa watu kurasa wanazoomba. Yeye na binti yangu wanakaa nami, au mimi ninakaa nao, inategemea nani anasimulia. Leo nilingoja apakue chakula, kisha nikamuuliza kwa nini ukurasa wao ni mzito hivyo.

"Ni jedwali, Mama. Maandishi mengi."

"Maandishi yanabanwa. Nimefundisha hesabu zake miaka yangu yote chuoni."

Binti yangu akashusha pumzi. Anajua nikisema "nimefundisha" chakula kitapoa. Lakini jambo lenyewe ni jepesi, na nitaliandika hapa. Chukua kitabu cha nyimbo za kwaya. Kiitikio kinaandikwa mara moja, juu, na baada ya kila ubeti panaandikwa neno moja tu: Kiitikio. Hakuna mwimbaji aliyewahi kulalamika kwamba ameibiwa maneno. Anajua pa kuyapata, anayaimba yote. Ukurasa wa mtandao, nyuma ya pazia, ni wimbo wenye viitikio vingi kupita kiasi: fungua safu, fungua kisanduku, funga kisanduku, funga safu, na tena, na tena, maelfu ya mara. Seva yenye akili inasema mara moja, kisha inaandika "kama pale juu". Simu ikipokea, inaukunjua, na msomaji anaona ukurasa uleule bila nukta iliyopungua.

"Ni hivyohivyo, Mama," mkwe akasema. "Tena simu yenyewe inapoomba ukurasa inatangulia kusema: mimi ninaweza kupokea uliobanwa. Seva yetu inasikia vizuri tu. Halafu inatuma mzimamzima."

"Ukibanwa unabaki kiasi gani?"

"Labda sehemu ya kumi."

"Na ni kazi ya muda gani kuwasha?"

"Mistari miwili mitatu kwenye mipangilio."

"Basi iandike kesho."

Akatazama sahani yake. "Mama, mambo ya ofisi yana wenyewe."

Nikamwambia kwamba maji nayo yana wenyewe, na mmoja wao ni mama yake mdogo. Ni kijana mpole, lakini kuna upole ambao ukiuegemea unaanguka.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua mchana kutwa. Mkwe amerudi amelowa, akapitia mlango wa jikoni ili asikutane nami.

Jumanne, 18 Machi

Mdogo wangu ameweka mayai mapya mashine ya jukwaani; ya sakafuni ina mayai ya wiki iliyopita. "Si wangetuma ujumbe mfupi tu?" ameniuliza. Swali zuri. Nitalipeleka.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda Mamlaka mwenyewe. Nilivaa gauni la mahafali, kwa kuwa nimegundua kuwa bibi aliyevaa vizuri hafukuzwi haraka.

Mkuu wa huduma za mtandao anaitwa na wafanyakazi wake Bwana Grafu, na nilipoingia nilielewa. Ukuta mzima wa ofisi yake ni mchoro mmoja: mstari wa buluu unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia, na chini yake maneno UZITO WA HUDUMA. Alinikaribisha vizuri, akaniita mama, akanivutia kiti. Nasema haya ili isionekane kwamba nilimwonea.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Hii, mama, ndiyo jasho letu. Kiasi cha data kinachotoka kwenye seva yetu kwenda kwa wananchi. Tazama mwaka juzi, tazama sasa. Bodi inatupima kwa hii."

"Mnapimwa kwa uzito?"

"Kwa kile tunachotoa."

Nikamweleza kuhusu kubana. Nilieleza polepole, kwa mfano wa kitabu cha nyimbo, na aliitikia kwa kichwa kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasimama mbele ya mchoro wake kama mtu anayekinga mtoto.

"Yaani unataka tuwape wananchi sehemu ya kumi ya wanachopata sasa?"

"Watapata kilekile. Kitasafiri kikiwa chepesi."

"Lakini kwenye mstari itaonekana tumeshuka."

"Mstari utashuka. Huduma itapanda."

Akacheka, kicheko cha kumsamehe mtu mzima aliyechanganya mambo. "Mama, mstari ndio huduma."

Nikamuuliza kuhusu ujumbe mfupi. Hauwezekani, kwa kuwa ungehesabiwa kwenye mchoro wa idara nyingine. Nikamuuliza basi kwa nini taarifa ya milango isiwekwe juu ya jedwali. Haiwezekani pia, kwa kuwa mpangilio wa ukurasa uliidhinishwa na bodi, na bodi itakaa baada ya mvua. Nikamuuliza kama daktari wake anampima kwa kuhesabu kilo za vidonge alivyomeza. Akatazama saa.

Nilipotoka nilimwona mkwe wangu mwisho wa korido, amebeba waya mabegani. Aliinamisha kichwa. Sijui alikuwa ananisalimu au anajificha.

Jumatatu, 24 Machi

Bwana Grafu ameweka picha yake juu ya ukurasa, kubwa, akiwa ameegemea ukuta wa bwawa. Mkwe anasema picha za kamera hata ukizibana tena hazipungui, zilikwisha kubanwa tangu kwenye kamera, kama godoro lililofungwa kamba. Basi kuna kitu kimoja kwenye ukurasa ule ambacho hakina dawa, nacho ni uso wake.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Mvua. Sweta limebaki mikono.

Jumatano, 2 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu, kwa sababu nikiandika kama ninavyojisikia kalamu itatoboa karatasi.

Asubuhi nilikuwa kliniki ya macho. Walinitia dawa ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa nilikuwa mtu wa kuongozwa kwa mkono, nisiyeweza kusoma simu. Wakati huo Mamlaka iliweka taarifa kwenye ukurasa: mlango mmoja utafunguliwa mchana. Taarifa iliwekwa mapema. Hilo nawapa. Mtu aliyeandika onyo aliandika onyo sahihi kwa wakati sahihi, nalo likakaa kwenye seva kama chakula kilichofungiwa kabatini.

Mdogo wangu alifungua ukurasa kama anavyofanya kila akitoka kugeuza mayai. Kiduara. Akarudia. Kiduara. Majirani zake wote walikuwa wanafanya hivyohivyo, kila mmoja na simu yake, wote wakipita kwenye mnara mmoja wa bondeni. Aliacha simu juu ya meza ikizunguka akaenda kumulika mayai. Aliporudi ukurasa ulikuwa umefika nusu: picha ya Bwana Grafu, na miaka ya kwanza ya jedwali.

Maji aliyaona kwenye uwanja wa jirani. Kwanza alidhani ni ya mvua.

Aliokoa mashine ya jukwaani. Ile ya sakafuni ilikuwa na mayai ya siku za mwisho. Alipiga magoti ndani ya maji akavuta trei ya kwanza, na anasema alisikia vifaranga wakigonga maganda kwa ndani. Alipandisha trei hiyo ghalani. Aliposhuka kuchukua ya pili, umeme ulikuwa umezimika na maji yamefika kwenye mlango wa mashine.

"Walikuwa wanagonga, dada," aliniambia kwenye simu. Alirudia maneno hayo tu. Hakuwa na utani hata mmoja, na mimi sijawahi kuzungumza na mdogo wangu bila kutaniwa tangu alipojifunza kusema.

Mkwe aliporudi nilimngoja sebuleni.

"Leo mstari wenu ulikwendaje?"

Alisimama na viatu mkononi. "Mama, tafadhali."

"Nijibu. Ulikwendaje?"

"Ulipanda. Haujawahi kupanda hivyo. Mkuu alituita kutupongeza."

Ninaomba msomaji wangu ajaye aelewe jinsi jambo hili linavyofanyika. Kila ukurasa unaposhindwa kufika, mtu anauomba tena. Kila anapouomba tena, seva inatoa tena uzito wote. Aliyejaribu mara sita bila kusoma chochote amehesabiwa kama watu sita waliohudumiwa. Kadiri watu wanavyozidi kukosa onyo, ndivyo mstari unavyozidi kupanda. Kilele cha mchoro wa yule bwana ni mdogo wangu akibonyeza simu huku vifaranga wakigonga.

"Na wewe ukapongezwa," nikamwambia.

"Nilikuwepo, ndiyo."

"Ukapiga makofi?"

Akaenda chumbani. Nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba binti yangu ameolewa na pazia.

Jumamosi, 5 Aprili

Sisemi na mkwe wangu. Ananiwekea chai, ninaiacha ipoe.

Jumatatu, 7 Aprili

Binti yangu amenijia nikiwa ninafuma, akaketi kwenye mkono wa kiti, jambo ninalolikataza.

"Mama, unamjua mume wangu kwa miaka mingapi?"

"Mingi ya kutosha."

"Unajua kwa nini mwaka juzi alikaa miezi kwenye kibanda cha jenereta, anapima mafuta kwa kijiti?"

Nilijua alihamishwa. Nilidhani ni zamu.

"Aliiwasha hiyo kitu yako. Ya kubana. Aliwasha kimya kimya, ukurasa ukaanza kufunguka hata kwa watu wa bondeni. Mwisho wa mwezi mstari ukaanguka, wakatafuta nani, akasema mimi. Wakampa barua ya onyo na kijiti cha mafuta. Barua ya onyo ya pili ni kufukuzwa."

"Mbona hakuniambia?"

"Wewe huambiwi, Mama. Wewe unaeleza. Kila jioni anakaa pale kama mwanafunzi, unamfundisha kazi yake mwenyewe."

Alinyanyuka akaenda zake. Nilikuta nimefuma safu nzima vibaya, nikaifumua.

Jioni nilimwekea mkwe chai mimi mwenyewe. Nikamwambia, "Baba, pazia nimelifuta." Akasema, "Mapazia yanasaidia, Mama, mchana jua linachoma." Tukanywa. Hasira yangu haikupungua hata kijiko. Imehamia tu inakostahili.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nimeuliza badala ya kueleza. Nilimuuliza mkwe: ule uzito unapimwa wapi hasa?

Akashika glasi ya maji akiizungusha. "Kwenye mlango wa seva yenyewe," akasema. "Kinachotoka pale ndicho kinachohesabiwa."

"Na baada ya pale?"

"Baada ya pale kuna waya, halafu nje."

"Hakuna anayehesabu kwenye waya?"

"Hakuna." Akaweka glasi chini. Niliona uso wake ukibadilika kama mwanafunzi aliyeona jibu, ila safari hii mwalimu alikuwa bado hajaliona. "Mama, nikiweka kompyuta nyingine katikati. Seva inampa huyo wa kati ukurasa mzima, unahesabiwa wote, mkuu anapata mstari wake. Huyo wa kati anaubana ndipo anautoa nje."

"Ni halali?"

"Kuweka kompyuta ya kupokelea mbele ya seva ni kazi yangu, iko kwenye majukumu yangu. Hakuna aliyenikataza kubana hapo. Walinikataza kwenye seva."

Binti yangu akauliza kama tunazungumza kuhusu kazi au tunapanga kuiba benki.

Ni aibu, nasema wazi. Nchi yoyote yenye watu wazima haipaswi kumfanya fundi atengeneze njia ya pembeni ili kazi yake ifanye kazi. Lakini mdogo wangu ameweka mayai mengine.

Jumatano, 16 Aprili

Mkwe amechukua kompyuta ya zamani iliyokuwa imetupwa stoo, akaifuta vumbi, akaiweka kwenye rafu. Ina kifuniko kilichopasuka. Mdogo wangu amepiga simu kabla sijampigia.

"Dada, hii simu imerogwa. Nimebonyeza, nikageuka kuchukua miwani, nimegeuka tena ukurasa uko hapa mpaka chini kabisa."

"Umesoma nini?"

"Milango imefungwa. Na yule bwana mwenye picha hajafika bado, kimebaki kisanduku kitupu. Mwambie mkwe amwache hukohuko."

Ametania. Nimekaa na simu mkononi baada ya kukata.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua tangu alfajiri, nyingi kuliko ya mwanzo wa mwezi. Mkwe anasema bwawa liko juu.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Walinzi wa milango kule bwawani hawaendi nyumbani.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeiona taarifa asubuhi nikiwa sijavaa viatu: milango yote, leo, kabla ya adhuhuri. Milango yote! Nikampigia mdogo wangu. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikapiga kwa jirani yake fundi cherehani, naye hakupokea. Nilijiona nimekuwa kama wao, ninabonyeza na kubonyeza.

Nilikuwa nimeshika mwavuli niteremke kwa miguu yangu ya kizee wakati simu ilipoita.

"Usinisemeshe, nina trei mkononi," akasema. Sauti ilikuwa inahema.

"Umesoma?"

"Nimesoma zamani. Wote tumesoma. Fundi cherehani yuko hapa ananibebea, yeye kwake keshapandisha mashine zake. Hebu sogea hapo, baba, usiitikise! Si wewe, dada. Namwambia fundi, anabeba mayai kama anabeba matofali."

"Zimebaki ngapi?"

"Ukiendelea kuuliza, zitabaki."

Akakata. Sijawahi kukatiwa simu nikafurahi hivyo.

Maji yalipita ng'ambo ya chini kabla ya adhuhuri kama walivyoandika. Yaliingia chumba cha nyuma yakafika kwenye jukwaa. Mashine ya sakafuni ilikuwa tupu, mlango wake wazi. Mayai yalikuwa ghalani chini ya blanketi zote za nyumba, na taa za mafuta zimewashwa kuyapasha moto, na mdogo wangu amekaa katikati yao amevaa koti la marehemu mumewe. Jirani wa bondeni hata mmoja hakukutwa na maji akiwa hana habari. Nimeandika sentensi hiyo na ninairudia kwa makusudi, hata kama mimi ndiye niliyehubiri dhidi ya kurudia: hata mmoja.

Ijumaa, 25 Aprili

Vifaranga wameanguliwa. Si wote, lakini wengi mno kwa ghala lile. Mdogo wangu ameniwekea simu karibu niwasikie.

Jumatano, 30 Aprili

Tulidhani tumemwachia Bwana Grafu mstari wake. Hatukupiga hesabu vizuri, na mimi ndiye mwanahesabu.

Seva imeendelea kuhesabu ukurasa mzima kama zamani. Lakini watu hawaombi tena mara sita. Wanaomba mara moja, wanasoma, wanaondoka. Kwa hiyo mstari umeanguka. Siku ya milango yote, siku ambayo bondeni kote walikuwa na simu mkononi, umeshuka ukafanya shimo.

Bwana Grafu ameitisha kikao. Mkwe amenisimulia akiwa amesimama jikoni.

"Alisema, nani amepunguza huduma? Nikasema hakuna aliyepunguza, watu wanapata ukurasa mara ya kwanza. Akasema, kwa hiyo wanatumia kidogo. Nikasema, ndiyo, wanatumia kidogo kwa sababu wamepata. Akasema hiyo ni lugha ya kujitetea."

"Ukasemaje?"

"Akaniagiza niondoe chochote nilichoweka. Nikamwomba aniandikie. Aandike kwamba kuanzia leo onyo la maji lifike bondeni likiwa limechelewa, atie sahihi, nami nitaondoa palepale."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote, Mama."

Nikatafuta la kueleza, sikulipata. Nikamwongezea chai.

Alhamisi, 8 Mei

Barua ya kuondoa haijaandikwa. Imeandikwa nyingine: mkwe anarudi kibanda cha jenereta kuanzia Jumatatu, "kwa mahitaji ya kazi". Walimtaka kabla ya kuhama aonyeshe ni kompyuta ipi. Aliwaambia ni ile yenye kifuniko kilichopasuka, akawaambia pia inafanya nini na nani ataathirika ikizimwa, na akaomba aandikwe jina la atakayeizima. Wamesimama mbele ya rafu, wakatazamana, wakatoka. Bado inawaka.

Binti yangu amelia kidogo kwa hasira, akafua sare ya mumewe ya jenereta, akaipiga pasi kwa nguvu kuliko ilivyostahili.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua zimekwisha. Sweta limekwisha pia, lina mkono mmoja mrefu, na mkwe amelivaa hivyohivyo kwenda kwenye jenereta.

Mdogo wangu amepanda kuja kwetu na boksi lenye matundu. Vifaranga wawili wa trei ya ghalani, zawadi kwa mkwe. "Huyu wa kushoto usimsemeshe," akamwambia, "ni mkali kama mama mkwe wako." Mkwe amewapangia mahali nyuma ya jiko.

Naye mkwe ameniletea kitu. Mamlaka imetoa taarifa ya msimu, na ndani yake kuna mchoro wa Bwana Grafu, umechapwa kwa rangi. Siku ile ya Aprili mbili, mdogo wangu alipopiga magoti ndani ya maji, imewekewa nyota ya kijani: siku ya huduma bora. Siku ya milango yote imezungushiwa duara jekundu, na pembeni pameandikwa kwamba sababu za udhaifu huo zinachunguzwa.

Nimeukata ukurasa huo kwa mkasi, nikaubandika ukutani, juu ya boksi. Jioni nzima nimekuwa nikilitazama lile shimo jekundu. Ndani yake yumo fundi cherehani anayebeba mayai kama matofali, yumo mdogo wangu aliyenikatia simu, na wamo watu wote wa bondeni, waliofungua ukurasa mara moja, wakasoma, wakaweka simu mfukoni na kupanda juu.